Umechoka Ukurasa wa Ngapi?

Wazee wetu, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye ngazi kwa kukosa viti: habari za jioni.

Mmeniomba nizungumzie namna msomaji wa kawaida anavyoweza kutoa maoni ya kweli kuhusu kitabu alichokimaliza juzi. Msomaji wa kawaida ni yule asiyelipwa kusoma wala kusahihisha mitihani ya fasihi. Anasomea kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, na kitandani mpaka usingizi umdondoshee kitabu usoni.

Nianze na maoni mawili mnayoyasikia kila siku. La kwanza: "Kitabu kizuri sana, kina mafunzo mengi." La pili: "Mimi hakikunivutia." Nawauliza, aliyesema hivyo amekisoma kitabu? Huenda amekisoma. Huenda amesoma maneno ya nyuma ya jalada akakirudisha kwenye rafu. Huwezi kujua, maana sentensi hizo zinaenea kitabu chochote kile, hata kitabu cha mapishi.

Sasa msikilizeni huyu wa tatu: "Mpaka kwa mjumbe wa tatu nilikuwa nacho sambamba. Kwa mjumbe wa nne nikaanza kupiga miayo." Huyu amesoma! Na wengi humu mmeshajua anazungumzia kitabu gani, bila yeye kutaja jina. Anazungumzia Kusadikika.

Leo nina ombi moja kwenu, na nitalirudia mpaka mnichoke: taja mahali. Umefurahi? Taja mahali. Umechoka? Taja mahali. Umekasirika mpaka ukakitupa kitabu chini ya kitanda? Kiokote, kifungue, utaje mahali.

Tubaki na Kusadikika, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoogopa kusema ukweli. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Kuna nchi inayoning'inia angani. Kuna kijana, Karama, ameshtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu uanasheria. Mshtaki wake ni Majivuno. Karama anasimama kujitetea, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa upande wake, pande nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi. Kila mmoja alitupwa gerezani.

Sasa mwangalieni msomaji wetu. Kwa mjumbe wa kwanza ana wasiwasi: atarudi salama? Amerudi, amefungwa, msomaji anahamaki. Kwa wa pili anaanza kuona mkondo. Kwa wa tatu ana hakika. Wa nne hajafunga hata mizigo, msomaji keshajua kwamba mwisho wake ni kufuli. Hapo ndipo miayo inapoanza. Je, miayo hiyo ni ujinga? Ni kukosa adabu kwa marehemu? Hata kidogo. Ni taarifa, na ni taarifa sahihi: mpango wa kitabu umeshajulikana katikati ya safari.

Baada ya kutaja mahali, jiulize: kwa nini pale? Hapa kitabu kinaanza kukufungukia upya. Karama yuko mahakamani. Anataka kuthibitisha kwamba kuwafunga watu wema si bahati mbaya, ni mazoea ya nchi. Mtu anayethibitisha mazoea haleti shahidi mmoja akakaa. Analeta sita, na wote wanasema neno lilelile. Kurudiarudia kule ndiko ushahidi wenyewe. Tena ukishaanza na pande za dunia, huna ruhusa ya kuishia upande wa tatu. Kwa hiyo uchovu wako ni gharama ya njia aliyoichagua mwandishi. Lililobaki ni wewe kuamua kama gharama hiyo imelipa.

Hukumu yangu ni kwamba imelipa, ila kwa pungufu. Pale mahakamani mwishoni, wale sita wanapofunguliwa, uzito wa kuwa sita unaonekana. Lakini wahusika wamebebeshwa tabia zao kwenye majina. Mtu akishaitwa Majivuno hana njia ya kukushangaza, na kitabu kizima hakuna anayejaribu. Hilo nitalisema hata mbele ya mwalimu wangu wa fasihi, na heshima kwa Mzee Shaaban inabaki palepale.

Ni nini kinachotuzuia kusema hivyo? Shule. Tusifichane! Wengi wetu tulifundishwa kukifungua kitabu kama fundi anavyofungua injini: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwongozo ukauzwa pembeni, na aliyekariri mwongozo akapata alama kuliko aliyesoma kitabu. Sina ugomvi na mtihani. Ugomvi wangu ni kwamba katika jedwali lile la fani na maudhui hakuna kisanduku cha kuandika "hapa nilicheka", wala "hapa sikuamini". Mtu anatoka kidato cha nne, anafika miaka arobaini, na kila akimaliza riwaya bado anatafuta mafunzo matano.

Niwape kisa cha kitabu kimoja na wasomaji wake. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe. Alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoandika Rosa Mistika, nayo ikatoka mwaka 1971. Kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye milango ikafunguliwa, ikawa kitabu cha kusomwa na kutahiniwa. Fikirini hapo! Kitabu kilekile kilichofichwa chini ya godoro kinakuja kuulizwa kwenye karatasi ya mtihani, na mfichaji na msahihishaji wote wameyaona maneno yaleyale.

Mpaka leo utamkuta mtu anasema, "Kile kitabu kina matusi." Mwulize kwa upole: ukurasa gani, ndugu yangu? Mara nyingi hana ukurasa. Ana sifa mbaya aliyoirithi. Akikubali kurudi na kupekua, atakutana mapema kabisa na Zakaria, baba mlevi, anayempiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukurasa huo haupo kwenye orodha ya matusi ya mtu yeyote. Kwa nini?

Kukitetea kitabu kisionewe si sawa na kukisifu. Msomaji mkweli anaweza kusema hivi: sehemu ya nyumbani naiamini neno kwa neno, lakini Rosa akishaondoka kwao, kuporomoka kwake kunakwenda mbio, na mwandishi anataka ukali wa baba ueleze kila kitu. Unatosha kueleza yote hayo? Hapo tunaweza kubishana mpaka chai ipoe, na ni ubishi mzuri, kwa sababu kila mtu ana kurasa mkononi.

Sasa niseme jambo ambalo wahakiki wakubwa hawalitaji, nalo linawaponza wasomaji wa kawaida kila mwezi. Kabla ya kumlaumu mwandishi, hakikisha una kitabu kizima.

Hili hutokea, na wenye maktaba hapa watanishuhudia. Msomaji anasema, "Mwandishi huyu anaruka mno. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, nikafungua ukurasa, mara tuko matangani na mama ndiye marehemu." Anaitwa mbele, anafungua nakala yake. Upande wa kushoto ni ukurasa wa 96. Wa kulia ni wa 113. Hesabuni: zimepotea kurasa 16 kamili. Na si kwa bahati. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Huchapwa kwenye karatasi kubwa, pande zote mbili, kisha karatasi ikakunjwa na kukatwa, ikawa fungu la kurasa 16, pengine 32. Mafungu hupangwa kwa mfuatano, mgongo ukapakwa gundi, jalada likavishwa. Mpangaji akipitiwa, fungu zima linakosekana. Au linaingia mara mbili: unafika ukurasa wa 80, ukifungua unakutana tena na wa 65. Kwa hiyo ukiona pengo, toa namba ndogo kwenye kubwa, kisha punguza moja. Ukipata 16 au 32, mwandishi hana hatia, rudisha kitabu dukani ubadilishiwe. Ukipata 2 au 4, pindua mgongo utazame. Huenda gundi imekauka na karatasi imechomoka, na imelala kwenye mkoba wa aliyekuazima.

Nakala za fotokopi zina ugonjwa wake. Mpigaji chapa akikibana kitabu vibaya kwenye mashine, maneno ya upande wa mgongo yanamezwa, herufi mbili tatu kila mstari. Msomaji anajaza mwenyewe kwa kubahatisha, akichoka anasema lugha ni ngumu. Lugha haijafanya kosa lolote! Tena fotokopi ile haimpi mwandishi hata senti, halafu ndiye anayelaumiwa.

Makosa ya herufi je? Hapo pia tenganisheni. "Alikwneda" ni kazi ya aliyepiga chapa na msahihishaji prufu aliyesinzia. Mhusika aliyeitwa Salma mpaka sura ya tatu, kisha Salama mpaka mwisho, hilo ni la mwandishi na mhariri wake pamoja, wote wawili hawakumsoma Salma kwa makini. Na kuna ambalo si kosa kabisa. Mtu wa bara ananunua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, anatazama jalada na kusema, "Hata jina wamekosea." Hawakukosea. Ni "vuta nikuvute", lile la kuvutana kamba, likitamkwa kama linavyotamkwa Unguja, irabu ikamezwa. Ukikutana na mazungumzo ya watu wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, humo ndani, yasome kwa sauti. Sikio litaelewa kabla ya jicho.

Na kwa kuwa nimekitaja, tumalizane nacho. Amil Shivji alikitengenezea filamu, ikaoneshwa kwanza Toronto mwaka 2021. Tangu hapo kuna maoni ya aina mpya kabisa: "Kitabu kinarefusha mambo." Kinarefusha kulinganisha na nini? Na filamu ya saa moja na nusu hivi. Filamu imemchukua Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mkubwa kuliko yeye kwa miaka mingi, na Denge, kijana wa harakati za kupinga ukoloni, ikawaweka katikati na taa zote zikawaelekea. Kitabu kina nafasi ya kukaa barazani. Kina Mwajuma, shoga anayempokea Yasmin, na kwangu mimi kila Mwajuma anapofungua kinywa riwaya inapata pumzi. Sasa aliyeanza na filamu anamngoja Denge, na kila ukurasa usio na Denge anauona ni kizuizi. Si vibaya kuanza na filamu. Ila sema! "Niliona filamu kwanza" ni maneno matatu tu, na yanampa msikilizaji mizani ya kupimia mengine yote utakayosema.

Nami niseme langu: Denge akishika mambo ya siasa, mara nyingine anahutubia badala ya kuzungumza, na mwenzake anabaki kuitikia kama sisi tunavyoitikia hapa. Kurasa hizo nazisoma kwa haraka. Za Mwajuma nazirudia.

Tafsiri nitazipitia upesi. Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, ikatufikia kwa Kiswahili kwa jina Peponi, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis. Ukiisoma, kumbuka unasoma kazi ya mikono miwili. Ukisema "sentensi hii imekaa vizuri", mshukuru mfasiri. Ukisema "sikuelewa kwa nini Yusuf anafanya vile mwishoni", hilo mpelekee Gurnah. Na anayesifu tafsiri bila kumtaja mfasiri kabisa namhesabu kama mgeni aliyekula ubwabwa akamshukuru mwenye shamba la mpunga peke yake.

Mtaniuliza: haya, tufanyeje? Tupashike vipi mahali hapo unapopasema wewe?

Kata karatasi ya ukubwa wa kiganja. Hiyo ndiyo alamisho yako, na ndiyo daftari lako. Kitabu kikiwa chako unaweza kutumia penseli pembeni ya ukurasa. Kikiwa cha kuazima au cha maktaba, penseli isikiguse, andika kwenye karatasi. Juu kabisa andika mwaka na chapa, unavipata kwenye ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina. Kazi yake ni nini? Toleo likibadilika kurasa zinahama. Ukurasa wa 40 wa chapa ya zamani unaweza kuwa wa 52 katika mpya, na mtabishana bure kila mmoja akiwa na haki. Ndiyo maana taja na sura.

Halafu soma. Usiandike insha! Panapokushika weka namba na alama ya kujumlisha. Panapokuchosha, ya kutoa. Pasipoeleweka, alama ya kuuliza. Basi. Riwaya ya kurasa 200 ikikupa alama 10 au 15 inatosha. Ukifika 40 umeshaacha kusoma, umekuwa karani.

Ukimaliza, usiseme kitu siku hiyo. Kurasa za mwisho zina nguvu kuliko haki yake. Mtu aliyetoka kulia kwenye ukurasa wa mwisho anasamehe kurasa mia za katikati zilizomtesa, na aliyeudhiwa na mwisho anasahau kwamba wiki nzima alikuwa akikosa kituo chake kwa kunogewa. Lala. Kesho yake, kabla hujaitazama karatasi, jiulize ni nini kimebaki kichwani. Mara nyingi ni mambo mawili: mhusika mmoja na chumba kimoja. Sasa fungua karatasi ulinganishe. Pale ulipoweka alama ya kujumlisha lakini hupakumbuki, palikuwa na sentensi tamu, zimeyeyuka. Usipopawekea chochote na bado panakurudia, rudi ukapasome. Huko ndiko mwandishi alikokupata bila wewe kujua.

Ukisimama kusema, au ukiandika, maneno 200 yanatosha. Anza na umefika wapi: umekimaliza, au umeishia njiani. Sema kitabu kinajaribu kufanya nini, kwa sentensi moja. Kisha mahali pawili, pa kukushika na pa kukuchosha, na kwa nini. Basi kaa chini. Usisimulie kisa chote. Mpaka theluthi ya kwanza unaweza kugusia, baada ya hapo ni mali ya msomaji ajaye. Na kwa riwaya za upelelezi hata theluthi ni nyingi. Mohammed Said Abdulla alimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, na mpaka leo kuna mtu anamkabidhi mwenzake kitabu hicho huku akimtajia muuaji. Mtu huyo mnamjua. Asiazimwe kitu.

Limebaki la kukiacha kitabu njiani. Kuna watu wanaona aibu, wanadanganya kwamba wamemaliza. Turudi kwa Kezilahabi. Mkono ule ulioandika Rosa Mistika ndio ulioandika Nagona, iliyotoka mwaka 1990. Ni kijitabu chembamba. Anayekichukua akitafuta tena familia, barua, chuo na majirani, hapati hata kimoja cha kushikilia. Kuna msafiri, kuna njia, kuna mazungumzo yanayokwenda kama ndoto, na maswali ya falsafa yasiyongoja uyajibu. Wengi wanakifunga. Kwa nini wasiseme? "Nimeishia ukurasa wa 20, sikujua niko wapi wala nani anaongea." Hayo ni maoni kamili! Yana mahali, yana sababu, na yanamsaidia anayefuata ajue anakwenda kukutana na nini.

Kipimo changu ni hiki: kitabu kinene kipe kurasa 50, chembamba kama hicho kipe robo. Kikishindwa hapo, weka alamisho, andika tarehe, kiweke rafuni. Nagona hasa haisomeki kwa vipande vya daladala, kituo hiki kurasa mbili, kituo kile mbili. Inataka sura nzima kwa mkao mmoja, kisha uirudie sura hiyohiyo kabla ya kusonga. Aliyeishia ukurasa wa 20 akajaribu hivyo, anaweza kuishia tena ukurasa wa 20. Sawa tu. Safari hii atakuwa na sababu nyingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karatasi za alamisho ziko pale mezani, zimeshakatwa, kila mtu achukue moja. Penseli ni chache, mpokezane. Na tuanze na mama yangu pale mstari wa tatu, mwenye kitenge cha kijani: nilipomtaja mjumbe wa nne ulitikisa kichwa kwa nguvu sana. Hukubali. Simama mama, tuambie, wewe ulichoka kwa mjumbe wa ngapi?